Utii wa Mchezaji na Mipaka Yake: Mwenendo wa Wasichana katika Timu ya Mpira wa Kikapu Shuleni



Mzazi wa Nyansurura, sawa na wazazi wengine wa wilaya za Serengeti na Tarime, hupata wasiwasi binti yake wa sekondari anapoomba ruhusa ya kujiunga na timu ya shule. Nyuma ya ombi hilo mzazi huona mambo mengi: kocha asiyemfahamu, mavazi asiyoyazoea, safari ya kurudi usiku, kazi za nyumbani zitakazobaki na masomo yatakayoyumba. Wasiwasi huo si wa kudharauliwa. Hata hivyo, kumkatalia binti kabisa kunamnyima jambo jema, na kumruhusu bila kuuliza chochote ni uzembe. Njia iliyo bora ni timu kuwa na taratibu za mwenendo zilizoandikwa, zinazojulikana na mchezaji, mzazi na kocha, na zinazowafunga wote watatu.

Makala haya yanaeleza taratibu hizo zinapaswa kuwa na nini, zinatokana na misingi gani ya imani, na mipaka yake ni ipi. Tunazungumzia mpira wa kikapu, lakini shule nyingi za vijijini zina uwanja wa netiboli tu. Yanayosemwa hapa yanaihusu netiboli pia, kwa maana mchezo huo ulichipuka Uingereza mwishoni mwa karne ya 19 kutoka katika mpira wa kikapu wa wanawake.

Mchezo uliozaliwa pamoja na kanuni

Mpira wa kikapu ulibuniwa Desemba 1891 mjini Springfield, jimbo la Massachusetts, Marekani. Aliyeubuni ni James Naismith, mzaliwa wa Kanada, mwalimu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa amesomea teolojia katika Kanisa la Kipresbiteri. Alitakiwa kutafuta mchezo wa ndani kwa ajili ya vijana waliochoshwa na mazoezi ya msimu wa baridi. Alitundika vikapu viwili vya matunda na kuandika kanuni 13. Alikataza kukimbia na mpira mkononi. Alikataza kumsukuma, kumshika au kumpiga mpinzani. Tena aliliweka goli juu ya vichwa vya wachezaji ili ustadi uwe na faida kuliko mabavu. Mwaka uliofuata, mwalimu Senda Berenson aliwafundisha wasichana mchezo huo katika Chuo cha Smith, kilichopo katika jimbo hilohilo.

Katika mchezo huu, basi, kujizuia ndiko kucheza kwenyewe. Hata leo, kwa kanuni za kimataifa, mchezaji akifikisha faulo tano hutoka na harudi tena katika mechi hiyo. Anayemtukana mwamuzi au kumkejeli mpinzani hupewa faulo ya kiufundi, na hiyo humhusu hata kocha: akiendelea na mwenendo usio wa kimichezo, naye huondolewa uwanjani. Jambo hili ni muhimu kwa yote yatakayofuata. Binti anapoitii filimbi, haitii kwa sababu mwenye filimbi ni mkubwa kuliko yeye. Anaitii kanuni, na kanuni hiyo iko juu ya kocha pia.

Mafundisho ya Kanisa kuhusu michezo

Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho (1 Kor 9:24-27), alitumia mfano wa mwanariadha anayejinyima ili apate taji liharibikalo, akawakumbusha waamini kwamba wao wanaitazamia taji isiyoharibika. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo (namba 61), unakiri kwamba michezo husaidia kutuliza nafsi na kujenga udugu kati ya watu wa hali na mataifa mbalimbali. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2289) inatoa tahadhari: mwili ni wa kutunzwa, lakini si wa kuabudiwa, wala ushindi usigeuzwe kuwa sanamu.

Tarehe 1 Juni 2018, Baraza la Kipapa la Walei, Familia na Maisha lilitoa hati maalumu juu ya mtazamo wa Kikristo kuhusu michezo. Kiini chake ni kwamba mchezaji anaalikwa kutoa kilicho bora ndani yake, na kwamba binadamu asigeuzwe kuwa chombo cha kutafutia ushindi. Kabla ya hapo, Mtakatifu Yohane Bosko (1815-1888) aliufanya uwanja wa michezo mjini Torino kuwa mahali pa malezi, akijenga juu ya nguzo tatu: akili, dini na upendo. Warithi wake, Wasalesiani, wameuleta urithi huo hapa kwetu. Viwanja vyao vya Don Bosco, Upanga, jijini Dar es Salaam, vinajulikana sana na wapenzi wa mpira wa kikapu.

Yanayotarajiwa kwa mchezaji

*Masomo na wajibu wa nyumbani.* Mchezaji ni mwanafunzi kwanza. Anayekosa vipindi au kazi za darasani hapaswi kupewa nafasi kwa sababu tu anafunga vizuri. Nyumbani nako asitumie timu kuwa kisingizio cha kuwaachia wadogo zake maji na kuni zote. Apatane na wazazi mapema juu ya siku za mazoezi na kazi atakazozifanya kabla na baada yake.

*Kuwahi na kutoa taarifa.* Wenzake wanamtegemea. Akiwa mgonjwa, akiwa katika hedhi yenye maumivu, au akiwa amezuiwa nyumbani, atoe taarifa kwa nahodha au kwa mwalimu wa kike anayeilea timu. Hakuna aibu katika kuugua. Kinachobomoa timu ni kutoweka bila neno.

*Lugha na mwenendo uwanjani.* Asitukane, asizomee, asimcheke mwenzake aliyekosa kufunga. Timu huwa na wachezaji watano uwanjani na wengine benchini; anayekaa benchini bila kununa anaisaidia timu sawa na anayecheza. Mwamuzi akikosea, nahodha ndiye azungumze naye, kwa heshima. Mechi ikiisha, wapeane mikono na wapinzani, ziwe zimeshinda au zimeshindwa timu zao.

*Ukweli.* Michezo ya shule imeathiriwa na tatizo la mamluki, yaani wachezaji wasio wanafunzi wa shule husika, au wenye umri usioruhusiwa, wanaoingizwa kwa majina ya wengine. Binti akikubali kucheza kwa jina lisilo lake, amefundishwa uongo kwa mkono wa mtu mzima. Kombe lililopatikana hivyo limeibwa kwa mwanafunzi mwingine. Vivyo hivyo, timu inayopelekwa kwa mganga, au inayovalishwa hirizi, inaikosea Amri ya Kwanza (taz. Katekisimu, namba 2117). Sala fupi kabla ya mechi, ya kuomba usalama wa timu zote mbili, inatosha.

*Mavazi.* Yawe ya heshima na yanayofaa kukimbilia. Mambo haya mawili hayagombani. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, FIBA, tangu Oktoba 2017 linaruhusu wachezaji kufunika vichwa kwa utaratibu maalumu, hivyo binti Mwislamu aliye katika timu yetu asilazimishwe kuchagua kati ya dini yake na mchezo. Sare ichaguliwe pamoja na wasichana wenyewe na mwalimu wa kike, wala isiachwe kwa kocha wa kiume peke yake.

*Dominika.* Mechi ikipangwa siku ya Bwana, timu ipange pia jinsi wachezaji Wakatoliki watakavyoshiriki Misa Takatifu. Uongozi wa shule uwasiliane mapema na parokia au kigango kilicho karibu na uwanja.

*Safari na kambi.* Mashindano ya UMISSETA huanzia shuleni na kupanda hadi ngazi ya wilaya, mkoa na taifa. Fainali za taifa za mwaka 2021 zilifanyika Mtwara na za mwaka 2022 zilifanyika Tabora. Kwa binti wa Mara, Mtwara ni upande wa pili wa nchi. Akiwa safarini asitoke kambini bila ruhusa, asiende popote peke yake, asipokee zawadi za siri. Picha za wachezaji wakiwa bwenini au wakibadili nguo zisipigwe na mtu yeyote, kwa sababu yoyote.

Yanayotarajiwa kwa kocha, shule na wazazi

Hapa ndipo taratibu nyingi hupungukiwa. Karatasi hujaa makatazo kwa binti, na mtu mzima haandikiwi hata mstari mmoja. Taratibu za namna hiyo hazina haki, na watoto hulitambua hilo upesi.

Kocha asikae na mchezaji mmoja mahali pa faragha. Asimpigie simu wala kumtumia ujumbe usiku. Mazoezi yaishe mapema, ili binti anayetembea kwa miguu afike nyumbani kabla ya giza. Kila safari iwe na mwalimu wa kike, na vyumba vya wasichana viwe mbali na vya wanaume. Kocha akimdai mchezaji ngono ili ampe namba katika kikosi, hilo lina jina katika sheria zetu: ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imeliweka kuwa kosa la jinai. Tena, marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Jambo la namna hiyo halimalizwi kwa kikao cha familia na ng'ombe wawili.

Kocha asimchape mchezaji kwa kupoteza mpira au kwa kushindwa mechi. Kanuni za Elimu za mwaka 2002 zimeiwekea adhabu ya viboko mipaka: hutolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe katika kitabu maalumu. Kukosa kufunga si kosa la nidhamu. Kwa mtazamo wa malezi ya Don Bosko, anayehitaji fimbo ili asikilizwe bado hajapendwa na vijana wake.

Wazazi nao wanatarajiwa kufika uwanjani. Kati ya mwaka 1972 na 1974, timu ya wasichana wa Immaculata, chuo cha masista katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, ilitwaa ubingwa wa vyuo vya nchi hiyo mara tatu mfululizo. Masista waliokuwa wakiishangilia walijulikana kwa kugonga ndoo za chuma jukwaani. Wasichana hao walijua kwamba kuna watu wazima wanaowatazama kwa furaha na kwa macho ya ulinzi. WAWATA na UWAKA wa kigango chochote wanaweza kuifanya kazi hiyo, hata bila ndoo. Ila mzazi anayemtukana mwamuzi mbele ya binti yake ameifuta kwa dakika moja kazi ya kocha ya mwezi mzima.

Mipaka ya utii

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Timu humfundisha binti kutii: kuja kwa wakati, kufuata maelekezo, kutoka anapobadilishwa bila kunung'unika. Utii huo ni fadhila. Lakini binti aliyefundishwa kutii tu, bila kufundishwa kupambanua, hana ulinzi siku mtu mzima atakapomwamuru ovu. Na wale wanaowaumiza watoto mara nyingi si wageni. Ni watu ambao mtoto amezoea kuwatii.

Kanisa halijawahi kufundisha utii usio na mipaka. Mitume, walipoamriwa kunyamaza, walijibu kwamba imewapasa kumtii Mungu kabla ya wanadamu (Mdo 5:29). Tarehe 1 Desemba tunamkumbuka Mwenyeheri Anuarite Nengapeta, sista kijana wa Kongo aliyeuawa mjini Isiro mwaka 1964 kwa sababu alimkatalia afisa wa waasi aliyetaka kumchukua kwa nguvu. Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Anuarite aliishi chini ya utii wa kitawa, na ni mtu huyohuyo aliyejua kusema hapana. Tusiuelewe vibaya mfano wake: Kanisa halimtumi binti kutafuta kifo, na binti aliyezidiwa nguvu hana dhambi hata chembe. Dhambi ni ya aliyemtenda.

Kumbukumbu ya Anuarite huangukia mwezi ambao kwa mabinti wa Serengeti na Tarime si mwezi wa mapumziko tu. Mara nyingi ukeketaji hufanyika katika likizo ya Desemba, shule zikiwa zimefungwa na walimu wakiwa mbali. Sheria imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 tangu mwaka 1998, kwa kifungo kinachoweza kufikia miaka 15. Kituo cha Masanga, wilayani Tarime, ni miongoni mwa vituo ambavyo vimewapa hifadhi mabinti waliokimbia. Ni jambo la kuhuzunisha kwamba wengi wao huwakimbia watu wa nyumbani mwao wenyewe.

Kwa hiyo taratibu za timu ya kwetu haziwezi kukamilika zikiishia kwenye mavazi na kuwahi mazoezi. Tunapendekeza mambo matatu yaongezwe. Kwanza, kila mchezaji aambiwe waziwazi kwamba ana haki ya kukataa agizo lolote linalougusa mwili wake isivyo halali, awe anayeagiza ni kocha, ndugu au mzee wa mila, na kwamba kukataa huko hakutahesabiwa kuwa utovu wa nidhamu. Pili, timu isivunjwe Desemba. Mazoezi mawili kwa wiki katika uwanja wa shule au wa parokia yanamfanya binti aonekane, na asipoonekana, wenzake watajua siku hiyohiyo. Tatu, kila mchezaji ajue kwa moyo pa kukimbilia: namba 116 ya huduma ya simu kwa watoto, Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, mwalimu wa kike wa timu, na nyumba ya masista au ya paroko. Nahodha anayesema, "Mwenzetu hajaja leo, na jana alikuwa analia," hajamsengenya mtu. Amefanya wajibu wake.

Wazazi wasione kwamba hapa mabinti wanafundishwa uasi. Amri ya Nne inabaki palepale, na binti anayecheza timu anatarajiwa awe wa kwanza kuamka na kuwasalimu wakubwa. Lakini amri hiyohiyo inawadai wazazi kumlinda mtoto aliye zawadi ya Mungu, wala si kumwandalia soko la mahari.

Kurekebisha bila kubomoa

Mchezaji akikosea, Injili ya Mathayo (18:15-17) inatupa utaratibu: kwanza aonywe faraghani, kisha mbele ya shahidi mmoja au wawili, na mwisho jambo lifikishwe kwa jumuiya. Kwa timu, neno "faraghani" lisimaanishe chumba kilichofungwa. Kocha na mwalimu wa kike wazungumze naye mahali panapoonekana na watu, ila wasipoweza kusikia. Akirudia, mzazi aitwe. Akiendelea, asimamishwe kwa muda unaojulikana na kwa sababu inayojulikana. Kumfukuza kabisa kuwe hatua ya mwisho, na uamuzi huo usiwe wa mtu mmoja.

Aibu ya hadharani haina nafasi katika utaratibu huu. Dhambi ya binti isisomwe mstarini asubuhi wala kuimbwa kwenye basi. Na aliyeacha masomo kwa sababu ya ujauzito asifutwe kana kwamba amekufa. Tangu Novemba 2021 Serikali imewafungulia mlango wa kurudi shuleni wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua. Akirudi, na afya yake ikiruhusu, timu imwachie nafasi. Bwana wetu alimwambia yule mwanamke wa Injili ya Yohane aende zake asitende dhambi tena, na alimwambia hivyo baada ya kuwatawanya waliokuwa wameshika mawe.

Pa kuanzia

Shule isiyo na taratibu zilizoandikwa inaweza kuanza na ukurasa mmoja. Upande mmoja yaandikwe yanayotarajiwa kwa mchezaji. Upande wa pili yanayotarajiwa kwa kocha, shule na mzazi. Na chini ziwe sahihi za wote. Ukurasa huo usomwe kwa sauti katika kikao cha wazazi, kwa lugha inayoeleweka na bibi aliyekuja kumwakilisha mama, na nakala ibaki nyumbani. Walezi wa TYCS na viongozi wa jumuiya ndogondogo wanaweza kusaidia kuufafanua.

Mzazi akiombwa ruhusa, basi, aulize kwanza ukurasa huo uko wapi. Akionyeshwa, ausome pande zote mbili. Upande wa watu wazima ukiwa mtupu, arudi shuleni na kudai ujazwe kabla ya kumruhusu binti yake. Ukiwa umejaa, na waliotia sahihi wanautimiza, amruhusu kwa moyo mweupe, na siku ya mechi aende kumtazama.

Mwenyeheri Anuarite, utuombee.